Siku Nilipomtafsiri Jambazi

Ninyi mliokulia Garissa miaka ya tisini bila shaka bado mnaikumbuka harufu ya mji baada ya adhuhuri: vumbi la moto, moshi wa mkaa, samadi ya mbuzi, na chai ya maziwa ya ngamia inayochemka mahali fulani msipopaona. Tuliruka bladda nyuma ya darasa, hijabu tumezifunga viunoni, na mpira wenyewe tumeukata kutoka kwenye tyubu kuukuu ya lori. Kongoti, wale ndege wakubwa wa majalalani, walisimama juu ya mapaa wakitutazama kama walimu wa zamu. Alfajiri tulikwenda dugsi kukariri Qur'ani, vidole vyeusi kwa wino wa masizi, kisha shule, kisha nyumbani kungoja mkokoteni wa punda ulete maji. Simu ilikuwa posta, na ulipanga foleni mpaka ukasahau ulichotaka kusema. Watoto wa leo ukiwaeleza haya wanakuangalia kwa huruma, kana kwamba umewaambia ulizaliwa kabla ya jua.

Lakini leo sitaki kuwakumbusha mpira wala chai. Nataka kukumbuka Jumamosi moja tu, ambayo mpaka sasa nikiifikiria viganja vyangu vinatoa jasho.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili. Maktaba ya mji ilikuwa na mkutubi mmoja, Bwana Mutiso, Mkamba mnene, mpole, aliyeletwa kwetu kikazi na ambaye, tofauti na wenzake wengi kutoka mikoa mingine, hakuwa akiandika barua za kuomba uhamisho. Yeye ndiye aliyetutengea sisi wasichana muda wa saa mbili kila Jumamosi, wavulana wakae nje. Tulikuwa tisa. Rafiki yangu Halima alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Alisoma haraka hadi nilidhani anadanganya, nikamhoji, nikakuta amesoma kila neno.

Siku moja Bwana Mutiso akatuambia kwamba maktaba imemwalika mwandishi wa riwaya kutoka Nairobi. Atakuja kusoma kitabu chake mbele ya watu. "Nataka wasichana wa kujitolea," alisema. "Wa kupanga viti, kuandikisha wageni, kumimina chai. Na nataka mama zenu waje. Waje waone mnachofanya hapa, wasije wakafikiri nawafundisha mambo mengine."

Mimi na Halima tuliinua mikono kabla hajamaliza.

Nyumbani ilikuwa shughuli nyingine. Aabo, baba yangu, alikuwa dalali wa mifugo. Alisimama sokoni kati ya wafugaji wasiojua Kiswahili na wanunuzi wasiojua Kisomali, akabeba maneno ya huyu akampelekea yule. Likizo nilifuatana naye, na hapo ndipo niliposhika lugha zote mbili vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake.

"Utakwenda na ayeeyo," alisema. "Akae mbele akuone. Na nikisikia aibu yoyote imetokea huko, Shukri, maktaba imekwisha. Umeelewa?"

"Haa, aabo."

Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, hakuwa ameulizwa. Alikuwa pale pembeni akivuta tasbihi, na alichosema ni kwamba kama kuna chai atakwenda.

Wiki nzima sikula vizuri. Nilifua hijabu mara mbili, nikaogopa imepauka, nikaifua tena. Usingizini niliota viti vimepungua. Ijumaa tulifagia maktaba, tukapangusa rafu, tukatandika mikeka mbele kwa ajili ya akina mama na kupanga viti nyuma kwa ajili ya wanaume. Bwana Mutiso alipita akihesabu, akahesabu tena, akatoa kitambaa akajifuta shingo. Naye alikuwa na wasiwasi wake. Mwandishi alikuwa njiani, na wakati ule mnajua njia ilivyokuwa: magari yalikusanyika, yakasubiri askari, yakaenda kwa msafara kwa hofu ya majambazi, na ulipomsindikiza mtu asubuhi hukupata pumzi mpaka usikie amefika.

Alifika Jumamosi saa sita na nusu. Bwana Mwandoe, mtu mfupi wa makamo, shati la maua lililolowa mgongoni, miwani imejaa vumbi. Alipewa maji akamwaga nusu kifuani, maana kila lori lilipopita nje aligutuka. Nilishangaa. Sikujua kwamba waandishi huogopa.

Ndipo Bwana Mutiso akaniita pembeni. Mwalimu aliyetarajiwa kutafsiri alikuwa amekwama Modogashe, lori limekufa, na hakuna aliyejua lini lingefufuka.

"Shukri, utatafsiri wewe."

"Mimi?"

"Atasoma kipande, atanyamaza, utasema kwa Kisomali. Si ndiyo kazi ya baba yako? Basi ni hiyohiyo."

Nilitaka kumwambia kwamba sokoni huwa ni mbuzi tu, na mbuzi ni mbuzi kwa lugha yoyote, kila mtu anamwona amesimama pale. Kabla sijafungua mdomo, Halima alinibana mkono. "Utaweza," alinong'ona. "Ukikwama nitazame mimi."

Baada ya sala watu wakaingia. Akina mama walikaa mikekani, kama thelathini hivi, ayeeyo katikati mstari wa mbele, viatu vimepangwa mlangoni. Mama yake Halima alikaa nyuma yake, mwanamke mrefu, msafi, ambaye hata kukohoa alikohoa kwa heshima. Nyuma kabisa walikaa wanaume wachache, na miongoni mwao Mzee Gedi, dereva wa lori mstaafu aliyezurura Kenya nzima ujana wake na kurudi na Kiswahili cha barabarani pamoja na kikohozi.

Mwandishi alisimama. Alisema amefurahi kufika, na kwamba njiani, akiitazama ile nyika, alikumbuka sura moja ya riwaya yake inayotokea kwenye njia kama ile ile, basi akaamua atusomee hiyo. Nikatafsiri. Akina mama wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Nikapumua kidogo.

Akafungua kitabu.

Kwanza alisoma habari ya basi linalokwenda jioni, abiria wanasinzia, mtoto analia. Nikatafsiri vizuri tu. Kisha akasoma hivi, na sitayasahau maneno yale:

"Kichakani likachomoka jambazi la Kisomali, refu, jembamba kama ufito, macho yake kama ya fisi aliyenusa mzoga. Watu wa kabila lake huzaliwa na bunduki mkononi, na huruma hawakuipata hata kwenye maziwa ya mama zao."

Akanyamaza, akanigeukia. Akatabasamu, kunitia moyo.

Chumba kizima kikanitazama.

Mama zao walikuwa wamekaa pale mikekani. Ndio hao hao. Hakuna nyumba mjini iliyokosa kijana aliyelala mahabusu kwa sababu tu alitoka bila kitambulisho na alikuwa mrefu na mwembamba. Nilimtazama Halima, alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Nilimtazama Bwana Mutiso. Alikuwa amefumba macho. Akilini nikamwona aabo akipuliza chai yake. Maktaba imekwisha.

Nikafungua mdomo nikasema kwa Kisomali: "Kichakani akatoka kijana mmoja mrefu, mwembamba. Alikuwa hajala siku mbili."

"Miskiin," wakasema akina mama kwa pamoja. Maskini.

Mwandishi alikunja uso. Nadhani hakutarajia huruma. Akaendelea kusoma: jambazi linapiga risasi hewani, linawaburuta abiria nje. Nikasema kijana yule alipiga makofi kulisimamisha basi, akawasaidia abiria kushuka. "Ana adabu," alisema mwanamke mmoja. Mwingine akauliza kwa nini dereva hakumpa hata maji. Mwandishi akaongeza sauti, akasoma kwa ukali zaidi, akarusha mkono, na kadiri alivyotisha ndivyo akina mama walivyozidi kumwonea kijana uchungu. Kila uongo uliniomba mwenzake. Nilikuwa nimeshampa kijana mama mgonjwa na kisima kilichokauka, na ukurasa ulikuwa bado haujaisha.

Ndipo mwandishi akasoma: "Jambazi likanguruma kwa lugha yake ya kutisha: Kaalay! Kaalay! Abiria waliposikia laana hiyo wakatawanyika mbio."

Sasa, mtoto yeyote wa Garissa anajua kaalay maana yake ni njoo. Hilo halikunihitaji mimi. Akina mama walitazamana. "Anawaita waje, nao wanakimbia?" aliuliza mmoja. Vicheko vikaanza. Mwandishi akasimama na kitabu chake, amepotea kabisa, na huko nyuma kiti kikalia, Mzee Gedi akainuka.

"Wewe mtoto!" alisema kwa Kiswahili chake kisichojua p wala v, kidole amenielekezea. "Wacha kubunguza! Huyu mtu nasema fingine, wewe nasema fingine! Mimi nasikia yote!"

Kisha akageuka akawaambia kwa Kisomali: huyo kijana wenu mwenye njaa ni jambazi, na msichana huyu anawaficha.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukiogopa aibu enzi zile? Si aibu ya leo, ya mtu kuwekewa picha mbaya mtandaoni. Aibu iliyokushika miguu, ikapanda, ukatamani sakafu ikumeze na sakafu ikakataa. Nilisimama hivyo. Mwandishi akaniuliza taratibu, "Hukutafsiri nilivyosoma?" Nikatikisa kichwa. Machozi yakaanza.

Ayeeyo aliiweka tasbihi mapajani.

"Shukri, futa uso," alisema. "Rudi mwanzo. Sema alivyosema."

"Ayeeyo, siwezi."

"Unaweza. Hayo maneno si yako, ni ya mgeni. Mpe haki yake."

Nikarudi mwanzo. Nikasema jambazi la Kisomali. Nikasema fisi, mzoga, bunduki. Nilipofika kwenye maziwa ya mama zao nilikwama, nikaanza sentensi upya, nikaimaliza yote.

Nikasikia kongoti wakikwaruza bati juu yetu. Mama yake Halima akainuka. Alinyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, na Halima akaja akaushika. Wakatafuta viatu vyao mlangoni. Wanawake wengine watatu wakawafuata, na mabinti zao. Halima aligeuka mara moja akanitazama, lakini sikuweza kumsoma.

Waliobaki walibaki, nadhani, kwa sababu ayeeyo hakusogea. Alikuwa akimtazama mwandishi kama mtu anayetazama ngamia wa watu aliyeingia bomani kwake.

"Muulize," akaniambia. "Huyo jambazi ni mtoto wa nani?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza kumhusu mtu yeyote. Nikamuuliza.

Bwana Mwandoe alivua miwani. "Mwambie bibi... ni mhusika tu. Hana baba."

Nilikuwa nimeapa moyoni kutobadilisha tena hata herufi. Nikasema: "Anasema hana baba."

Chumba kililipuka. "Wallahi! Hana baba?" "Na hilo pia amelisema mbele yetu?" Bwana Mutiso akashika kichwa. Nikaharakisha kueleza kwamba mtu mwenyewe ni wa kubuniwa, hayupo, na Mzee Gedi huko nyuma akasema, bila kuombwa, "Sasa huyu mtoto nasema kweli."

Ayeeyo aliinua mkono wakatulia.

"Muulize: ndani ya basi, katika abiria, wa kwetu alikuwa nani?"

Mwandishi alifungua kitabu. Alipekua ukurasa mmoja, akapekua wa pili, akarudi nyuma. Alitafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifuko na anajua hana. "Hakuna," akasema.

"Basi mwambie nilikuwepo mimi."

Kisha akasimulia, kipande kwa kipande, akinisubiri kila mara nimalize. Habari hiyo sikuwa nimewahi kuisikia, mimi niliyelala naye chumba kimoja. Alikuwa akitoka Wajir kumzika dada yake. Basi likasimamishwa. Waliambiwa walale kifudifudi barabarani, wote, Mkamba, Mborana, Msomali, na changarawe ikamwingia mdomoni. Majambazi walichukua shuka aliloachiwa na marehemu. Walimvua viatu.

"Walikuwa wakizungumza lugha yangu," alisema. "Nikawaambia, wanangu, mimi ni mama yenu. Mmoja akanikanyaga mgongo. Mwambie mgeni: mimi namchukia jambazi huyo kuliko anavyomchukia yeye, kwa sababu mimi alinielewa nilipomwomba. Lakini mama yake simjui. Maziwa yake sijayaonja. Je, mgeni aliyaonja?"

Nilitafsiri yote. Sijui nilivyoweza. Nakumbuka tu kwamba nililia na kusema kwa wakati mmoja, na kwamba sikuruka neno lake hata moja.

Bwana Mwandoe alikaa. Alikaa pale pale mkekani, pembeni mwa akina mama, jambo ambalo halikuwa sawa hata kidogo, lakini hakuna aliyemkemea.

"Mwambie bibi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupita njia hii," alisema. "Niliandika nikiwa mezani kwangu. Na leo, njia nzima, nilikuwa nimeinama, kichwa magotini. Kila mtu mrefu niliyemwona nilidhani ndiye."

Nikatafsiri. Mwanamke mmoja akasema, "Basi hapa Garissa atakufa, maana nani mfupi?" Wakacheka. Si kicheko cha furaha hasa, lakini hewa iliingia chumbani. Ayeeyo akauliza iko wapi hiyo chai. Nilikwenda kumimina, nikamwaga nyingi kuliko iliyofika vikombeni.

Aabo alikuwa amesikia kabla hatujafika nyumbani. Mji ulikuwa mdogo na mdomo wake mkubwa. Nilisimama mbele yake tangu alipoketi mpaka alipomaliza kula anjera yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya matusi yale. Hakuyagusa.

"Ulibadilisha maneno ya mtu?"

"Haa, aabo."

"Sokoni ningekufukuza siku hiyo hiyo. Watu wangedhulumiana kwa sababu yako." Akanawa mikono. "Maktaba hutakwenda mpaka shule zifungwe. Halafu utakwenda."

Ningeruka kwa furaha kama ningethubutu kuondoa macho sakafuni.

Halima hakurudi. Kati yetu tisa, wanne hawakurudi, na Bwana Mutiso alikwenda mlango kwa mlango na shati lake la jasho, akapewa chai na heshima zote, akarudi peke yake. Nilikaa miaka mingi nikijiuliza: kama ningesema kweli tangu mwanzo, mama yake Halima angeondoka kwa ajili ya kitabu tu, si kwa ajili ya kitabu na udanganyifu wa binti aliyemwamini. Labda angerudi. Sasa Halima ana duka la nguo. Tukikutana tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto, anacheka kwa sauti ile ile. Siku ile hatujawahi kuitaja.

Miezi kadhaa baadaye barua ilifika maktaba. Bwana Mwandoe alikuwa akiomba ruhusa ya bibi amweke ndani ya basi. Nilimsomea ayeeyo, neno kwa neno, mara mbili. "Aandike," akasema. "Na viatu aseme vilikuwa vipya." Kama aliandika sijui. Nimekitafuta kitabu hicho kila nipitapo maduka ya vitabu Nairobi, sijakutana nacho, na ayeeyo ametangulia mbele ya haki.

Mwaka jana mwandishi mwingine alikuja Garissa. Nilimpeleka binti yangu, naye akiwa na miaka kumi na mitano. Kulikuwa na vipaza sauti, viti vya plastiki vya kutosha, maji ya chupa. Vijana walipiga picha wakiwa wameketi naye, wakapiga nyingine, wakaondoka kabla hajamaliza. Siku hizi mtu akiandikwa vibaya hana haja ya kuvaa viatu aende kumuuliza mwandishi. Anamtukana papo hapo kwa kidole gumba, naye anatukanwa, na kufikia jioni wote wamesahau walichokuwa wakigombania. Nilipomsimulia binti yangu niliyoyapitia, aliniuliza, "Sasa hooyo, si ungesema tu mtandao umekatika?"

Nilicheka mpaka nikalia. Haogopi chochote, mtoto huyu, na nikimtazama akisimama mbele ya watu bila kutetemeka namwonea fahari, na wivu kidogo. Ana marafiki elfu kwenye ile simu, na wote wanazungumza kwa pamoja. Lakini sijui kama amewahi kusimama kati ya watu wawili wasioelewana, chumba kizima kimenyamaza, kinamtazama mdomoni, kinangoja neno.